Madai ya bima: Saa ya sheria haisubiri jibu la kampuni

Anayekata bima hununua ahadi kwamba siku ya hasara, iwe ni moto, ajali, maradhi au kifo, hataachwa peke yake. Ahadi hiyo ina mipaka miwili. Wa kwanza ni maneno yaliyoandikwa katika hati ya bima, na huo huzungumzwa sana. Wa pili ni muda wa kudai, nao aghalabu hugunduliwa siku ambayo umekwisha kuvukwa.

Nchini Kenya hakuna tarehe moja ya mwisho inayohusu kila lalamiko la bima. Zipo kadhaa, zinazotofautiana kuanzia siku 30 hadi miaka 6, na kila moja huhesabiwa kutoka mahali pake. Mwananchi anaweza kuwa na haki iliyo wazi, nyaraka zilizokamilika na mashahidi walio hai, kisha akaipoteza haki hiyo kwa sababu tu alihesabu kwa kalenda isiyo yake. Hatari huwa kubwa zaidi pale anapoamini kwamba, maadamu kampuni bado inajibu barua zake au mdhibiti bado anashughulikia lalamiko lake, muda wa kwenda mahakamani umesimama. Haujasimama.

Uchambuzi huu unaeleza muda unaotumika, mahali unapoanzia, nani unamfunga, na hatua ambazo mwenye dai anapaswa kuzichukua mapema.

Dai la aliyekata bima: miaka 6

Bima ni mkataba. Kampuni inapokataa kumlipa mtu aliyeingia nayo mkataba huo, mgogoro wao ni wa uvunjaji wa mkataba. Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 22 ya Sheria za Kenya, inasema kesi inayotokana na mkataba haiwezi kufunguliwa baada ya kupita miaka 6 tangu siku haki ya kudai ilipozaliwa.

Miaka 6 huonekana mingi, na wingi huo ndio unaolaza watu usingizi. Ukweli ni kwamba ukomo huu ndio mkali kuliko yote, kwa kuwa hauna mlango wa nyuma. Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya kampuni ya Divecon dhidi ya Samani, ilishikilia kwamba hakuna mtu mwenye haki wala uwezo wa kufungua kesi ya mkataba baada ya miaka hiyo kwisha. Mwaka 2002, katika kesi ya Mary Osundwa dhidi ya Kampuni ya Sukari ya Nzoia, mahakama hiyo hiyo ilieleza kuwa kifungu kinachoruhusu majaji kuongeza muda hakihusu madai ya mkataba. Jaji anayemhurumia mdai aliyechelewa hana basi chombo cha kisheria cha kumsaidia.

Zaidi ya sheria, ipo hati ya bima yenyewe. Hati nyingi humtaka mwenye bima aitaarifu kampuni mara moja au katika siku chache baada ya tukio. Baadhi ya hati, hasa za moto na mali, huwa na sharti kwamba kampuni ikikana dhima na mwenye bima asilipeleke suala hilo kwa msuluhishi katika miezi 12, dai huhesabiwa kuwa limeachwa. Sharti la namna hiyo likiwamo, anayejiliwaza kwa miaka 6 ya Sura ya 22 huenda akajikuta anapambana kwanza na miezi 12 aliyoitia saini mwenyewe. Ndiyo maana hati husomwa siku inapopokewa, kabla ya hasara kutokea.

Saa huanza lini?

Swali hili ndilo linalogawanya mawakili. Sheria inasema muda huanza siku haki ya kudai ilipozaliwa, lakini haitaji kama siku hiyo ni ya moto, ya kupeleka fomu ya dai, au ya barua ya kukataliwa.

Chukua mfano wa mwenye duka aliyeunguliwa na bidhaa Machi 2021. Akapeleka dai Aprili, mtathmini hasara akaja Mei, na barua ya kampuni ya kukana dhima ikamfikia Novemba. Kwa hoja moja, mkataba ulivunjwa Novemba, siku kampuni iliposema haitalipa, na miaka 6 inaishia Novemba 2027. Kwa hoja nyingine, kampuni iliahidi kumkinga dhidi ya hasara, hivyo haki ya kudai ilizaliwa siku ile ile hasara ilipotokea, na miaka inaishia Machi 2027. Tofauti ni ya miezi 8, nayo inatosha kumfungia mtu mlango.

Hoja ya pili si ya kupuuzwa. Nchini India, ambako sheria ya kuwalinda watumiaji inatoa miaka 2 tu ya kupeleka lalamiko katika tume za watumiaji, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2009 kesi ya wafanyabiashara wa tumbaku ambao ghala lao liliteketea Machi 1988. Walipeleka lalamiko lao mwishoni mwa miaka ya 1990, wakitegemea barua walizoandikiana na kampuni baadaye. Mahakama ilihesabu muda kutoka siku ya moto, na lalamiko likaanguka. Uamuzi huo hauzifungi mahakama za Kenya. Unachoonyesha ni kwamba mtu anayehesabu kutoka siku ya barua ya kukataliwa anacheza bahati nasibu na hesabu ambayo jaji anaweza kuikataa.

Njia salama ni moja: kuhesabu kutoka tarehe ya mapema zaidi, yaani siku ya tukio. Aliyehesabu hivyo hatachelewa kwa hoja yoyote itakayoshinda.

Sheria yenyewe inataja hali mbili zinazobadilisha hesabu. Ya kwanza ni ulaghai: pale mdaiwa alipoificha haki ya mdai kwa hila, muda hauanzi hadi hila hiyo igunduliwe au ingeweza kugunduliwa kwa bidii ya kawaida. Ya pili ni kukiri deni. Kampuni ikikiri kwa maandishi yaliyotiwa saini kwamba inadaiwa kiasi kinachojulikana, au ikilipa sehemu yake, hesabu huanza upya kutoka siku hiyo. Lakini barua inayosema dai “linaendelea kuchunguzwa” haikiri chochote, na barua ya mapatano iliyoandikwa “bila kuathiri haki” kwa kawaida haiwezi kutolewa mahakamani kama ushahidi wa kukiri. Tabasamu la karani kaunta nalo si saini.

Dai la mwathiriwa wa ajali: miaka 3

Hali ni tofauti kwa mtu asiye na mkataba wowote na kampuni ya bima: mwendesha bodaboda aliyegongwa na matatu, au abiria aliyevunjika mguu. Huyu hadai chini ya mkataba. Anadai kwa sababu ya uzembe wa dereva, na Sura ya 22 inampa miaka 3 tangu siku ya ajali.

Hapa kosa la kawaida ni la kumfuata mtu asiye sahihi. Mwathiriwa hupewa jina la kampuni iliyokatia gari bima, akaanza kuandikiana nayo barua, akaahidiwa kiasi fulani, akangoja. Kisheria, hata hivyo, anayeshtakiwa ni dereva na mwenye gari. Sheria ya Bima ya Magari dhidi ya Hatari za Watu wa Tatu, Sura ya 405, inailazimisha kampuni kulipa hukumu itakayotolewa dhidi ya mteja wake, hadi shilingi milioni 3 kwa mdai mmoja. Hukumu lazima ipatikane kwanza. Aliyegongwa Juni 2022, akaandikiana na kampuni kwa upole hadi Julai 2025 bila kumshtaki mwenye gari, ana faili nene ya barua na hana kesi.

Sura ya 405 inaongeza saa nyingine, fupi zaidi. Kampuni haiwajibiki kulipa hukumu ikiwa haikupewa taarifa ya kesi kabla ya kufunguliwa kwake au katika siku 30 baada ya kufunguliwa. Mwathiriwa anaweza kushinda kesi dhidi ya dereva asiye na mali, kisha akashindwa kuifikia kampuni yenye fedha, kwa sababu ya barua moja ambayo haikutumwa katika mwezi wa kwanza. Mwenye wakili ana haki ya kumuuliza swali hili na kuonyeshwa nakala ya taarifa hiyo ikiwa na muhuri wa kupokewa.

Kwa majeraha ya mwili, tofauti na mkataba, sheria imeacha dirisha dogo. Mahakama inaweza kuruhusu kesi baada ya miaka 3 ikiwa mdai hakuwa na namna ya kujua mambo ya msingi yanayohusu dai lake, kwa mfano jeraha ambalo madhara yake yalijitokeza baadaye. Kutoijua sheria si sababu inayokubalika, na kungojea mapatano pia si sababu. Mtoto na mtu asiye na akili timamu wana nafuu yao, lakini ina masharti. Mzazi au mlezi mwenye busara hufungua kesi mapema badala ya kuitegemea.

Gari lililosababisha ajali likiwa la Serikali, muda hupungua zaidi. Sheria ya ukomo inayohusu mamlaka za umma, Sura ya 39, inatoa miezi 12 kwa dai la uzembe dhidi ya Serikali na miaka 3 kwa dai la mkataba. Aliyegongwa na gari la aina hiyo akidhani ana miaka 3 kama wengine, atakuta miaka 2 kati ya hiyo haikuwa yake.

Kampuni nazo zina saa zao

Ni rahisi kuona ukomo kama fimbo ya kumchapia mlalamikaji peke yake. Sheria haikukusudia hivyo. Sura ya 405 inaeleza kuwa kampuni inayotaka kuepa kulipa hukumu kwa madai kwamba mteja wake aliificha au aliipotosha habari muhimu alipokata bima, lazima ifungue kesi yake ya kutaka tamko la mahakama kabla ya kesi ya mwathiriwa kufunguliwa au katika miezi 3 baada ya hapo. Kampuni iliyonyamaza miezi hiyo haiwezi kuibuka mwishoni, hukumu ikiwa mezani, na kusema kuwa hati ya bima ilikuwa batili tangu mwanzo kwa sababu hiyo.

Kinga nyingine inahusu taarifa iliyochelewa. Mwenye gari akikosa kuiarifu kampuni juu ya ajali katika siku zilizotajwa na hati, kosa hilo ni kati yake na kampuni. Sura ya 405 inalifanya sharti la aina hiyo kuwa batili dhidi ya mwathiriwa. Abiria aliyeumia haadhibiwi kwa uvivu wa mwenye matatu. Kampuni italipa, kisha itamgeukia mteja wake ikiwa hati inairuhusu.

Katika mahusiano ya kawaida na wateja, Sheria ya Bima, Sura ya 487, nayo imeweka kipimo cha siku 90 cha kulipa madai. Kipimo hicho kina matumizi mawili kwa mwananchi. Kwanza, kinampa msingi wa kulalamika bila kuonekana msumbufu. Pili, kinamwonyesha wakati wa kuacha kungoja. Kampuni iliyopokea nyaraka zote, ikavuka siku 90 bila kulipa wala kutoa sababu kwa maandishi, imekwisha kutoa jibu la aina yake.

Aliyeumia kazini: miezi 12

Waajiri wanatakiwa kuwakatia wafanyakazi wao bima chini ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007. Hapa njia ni nyingine kabisa. Mfanyakazi humtaarifu mwajiri, mwajiri naye anatakiwa kumwarifu Mkurugenzi wa Afya na Usalama Kazini katika siku 7, na dai la fidia huwasilishwa katika miezi 12 tangu ajali, au tangu kifo ikiwa mfanyakazi amefariki. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kuupinga.

Sheria hiyo inamzuia mfanyakazi kumshtaki mwajiri moja kwa moja mahakamani kwa jeraha hilo, isipokuwa kwa namna inayoelezwa ndani yake. Kwa miaka mingi baadhi ya vifungu vyake vilikuwa vikipingwa mahakamani, jambo lililowaacha wengi bila kujua waelekee wapi. Desemba 2019 Mahakama ya Juu iliufunga mjadala huo kwa kuidhinisha vifungu vilivyobishaniwa. Fundi wa mjengo anayesikia kwa wenzake kwamba “kesi ya ajali ni miaka 3” anapaswa kujua kwamba kwa ajali ya kazini hesabu hiyo si yake.

Lalamiko kwa mdhibiti halisimamishi saa

Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, iliyoundwa kupitia marekebisho ya mwaka 2006 ya Sheria ya Bima, hupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya kampuni, mawakala na mabroka. Utaratibu ni kuanza na kampuni yenyewe; asiyeridhika, au asiyejibiwa, huenda kwa Mamlaka akiwa na nakala za mawasiliano yote. Ni njia inayopaswa kutumiwa. Kampuni iliyomzoea mteja kama mtu wa kusukumwa kesho na kesho kutwa huandika barua tofauti inapoulizwa na mdhibiti anayesimamia leseni yake.

Hata hivyo, Sura ya 22 haina kifungu kinachosimamisha muda kwa sababu lalamiko liko mezani kwa mdhibiti. Haina pia kifungu kinachousimamisha kwa sababu pande mbili zinazungumza. Mlalamikaji aliyetumia miaka 2 na kampuni, mwaka 1 na mdhibiti, kisha mwingine akitafuta wakili, ameitumia miaka 4 ya ukomo wake. Kama dai lake ni la uzembe, muda wake ulikwisha mwaka mmoja uliopita.

Njia hizi mbili hazipingani. Lalamiko kwa Mamlaka na maandalizi ya kesi vinaweza kwenda sambamba. Mtu anaweza kuendelea kuzungumza huku tarehe ya mwisho ikiwa imeandikwa ukutani, na kufungua kesi kabla ya tarehe hiyo hata kama mazungumzo yana matumaini. Kesi iliyofunguliwa inaweza kuondolewa baada ya mapatano. Muda uliokwisha haurudishwi na mapatano yaliyovunjika.

Kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1, gharama si kisingizio tena cha kungoja. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa na Sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi mwaka 2021, inapaswa kutoa uamuzi katika siku 60 tangu dai kuwasilishwa, na mdai anaruhusiwa kujiwakilisha mwenyewe.

Upo pia ukomo unaosahauliwa sana, wa mtu aliyeuziwa bima kwa maneno ya uongo. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012, iliyotungwa ili kutekeleza Ibara ya 46 ya Katiba, inamruhusu mtumiaji aliyeshawishiwa kwa mwenendo usio wa haki kuuvunja mkataba, lakini lazima atoe notisi katika mwaka 1 tangu alipoingia kwenye mkataba huo. Aliyeambiwa na ajenti kwamba atarudishiwa fedha zote wakati wowote, kisha akagundua sivyo, hana sababu ya kusubiri mwaka wa tatu ili kulalamika.

Kwa nini kuwe na ukomo?

Swali la haki linabaki: kwa nini dai la kweli life kwa sababu ya tarehe? Watetezi wa ukomo wana hoja zenye uzito. Mashahidi husahau au hufariki. Gari lililogongwa hutengenezwa na kuuzwa. Ghala lililoungua hujengwa upya, na chanzo cha moto hakiwezi kuchunguzwa tena. Kampuni ya bima hutenga fedha kwa ajili ya madai inayoyajua. Ikiwa madai ya miaka 15 iliyopita yangeweza kufufuliwa wakati wowote, wateja wa leo wangelipa ada kubwa zaidi ili kugharamia hofu hiyo. Ukomo pia humzuia tapeli anayengoja ushahidi upotee ndipo aibuke na dai.

Upande wa pili nao una yake. Kampuni ina idara ya sheria inayozijua tarehe zote. Mjane anayefuatilia bima ya maisha ya mumewe hana. Kampuni inaweza kufaidika kwa kuchelewesha tu, bila hata kukataa. Pale ambapo upande mmoja unaijua saa na mwingine hauijui, mazungumzo marefu si usawa, hata yakiendeshwa kwa heshima. Ndiyo sababu nchi nyingine hutafuta njia za kati. India, kwa mfano, imempa msuluhishi wa bima muda wake: mlalamikaji huenda kwake katika mwaka 1 tangu kampuni ilipokataa dai, na tume za watumiaji zinaweza kupokea lalamiko lililopita miaka 2 ikiwa kuna sababu ya kutosha na sababu hiyo imeandikwa. Muda ni mfupi kuliko wa Kenya, lakini una dirisha ambalo dai la mkataba nchini halina.

Kama lalamiko lililopokelewa rasmi na mdhibiti linapaswa kuusimamisha muda wa kwenda mahakamani hadi litakapoamuliwa ni suala la Bunge, na lina gharama zake pande zote. Hadi sheria itakapobadilishwa, jibu ni lile lililopo, na mwananchi anapaswa kujipanga kwa sheria iliyopo.

Hatua za kuchukua

La kwanza ni kuandika tarehe ya tukio siku ile ile, na kutoka hapo kuhesabu ukomo unaohusika: miezi 12 kwa ajali ya kazini na kwa uzembe wa Serikali, miaka 3 kwa uzembe wa mtu mwingine, na miaka 6 kwa mkataba. Mwenye shaka achague muda mfupi zaidi.

La pili ni kuiarifu kampuni kwa maandishi, na kubaki na nakala yenye muhuri au barua pepe yenye tarehe. Simu iliyopigwa kwa ajenti haithibitishi lolote baada ya miaka 2, hasa ikiwa ajenti huyo amehamia kampuni nyingine. Kwa ajali ya barabarani, hati ya polisi maarufu kama abstrakti na fomu ya P3 zichukuliwe mapema, kabla kumbukumbu za kituo hazijawa ngumu kupatikana.

La tatu ni kudai jibu la maandishi. Kampuni inayokataa kulipa iombwe kutaja sababu na kifungu cha hati inachokitegemea. Barua hiyo ndiyo msingi wa lalamiko kwa Mamlaka na wa kesi mahakamani.

La nne ni kutotia saini hati ya kupokea malipo bila kuisoma. Hati nyingi za aina hiyo husema kwamba mpokeaji ameridhika na hatadai zaidi. Aliyepewa nusu na akatia saini kwamba ni yote, huenda akawa amelimaliza dai lake siku hiyo, hata kama miaka 5 ya ukomo bado imebaki.

La tano ni kuonana na wakili, au kufika katika Mahakama ya Madai Madogo kwa dai dogo, angalau miezi 6 kabla ya tarehe ya mwisho. Kesi ya bima huhitaji nyaraka kutoka polisi, hospitali na kwa msajili wa magari, na ofisi hizo hazifanyi kazi kwa kalenda ya mlalamikaji.

Wahenga walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Katika madai ya bima msemo huo una tarehe kamili, inayoweza kuhesabiwa kwa vidole siku ya kwanza. Aliyeihesabu anaweza kuzungumza na kampuni kwa utulivu, kulalamika kwa mdhibiti bila woga, na kukubali au kukataa anachopewa akijua kwamba mlango wa mahakama bado uko wazi.